Bastola ya Kwanza ya Mazoezi: Anza na Bei ya Risasi

Anayekuja kuniuliza anunue bastola gani, nami humuuliza: kwa mwezi utapiga risasi ngapi? Wengi hunyamaza. Wameshaangalia picha, wameshashika bastola ya rafiki, jina la kiwanda wanalijua kwa kichwa, lakini hesabu ya risasi hawajaipiga. Na pesa inakwenda hapo hapo. Bastola unanunua mara moja, risasi utanunua miaka yote, na bei yake umeshaiamua siku ulipochagua kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bastola yako inapiga.

Nimesimamia ghala la silaha la walinzi hapa Mwanza kwa miaka mingi, na sasa nafundisha shabaha raia wenye leseni. Ni wanunuzi wa dhahabu wanaokwenda Geita na kurudi, wenye maduka ya Makoroboi, watu wa samaki na dagaa wa Mwaloni Kirumba ambao saa kumi na moja alfajiri wako barabarani na fedha taslimu. Wengi wao wanakuja na bastola wasiyoijua. Wameipata kwa kuhangaika, wakapiga risasi chache siku ya kwanza, wakaifungia kwenye sefu. Ukiwadadisi unakuta si uvivu. Risasi za kaliba yao ni ghali, au hazipatikani kabisa. Mtu mwenye silaha asiyoifanyia mazoezi ni hatari kwa watoto wake, kwa jirani yake na kwake mwenyewe, na jambo hili linaniuma. Kwa hiyo namwandikia yule ambaye bado hajanunua, anataka bastola ya kujifunzia, na mfuko wake una mwisho.

Polisi kwanza, duka baadaye

Silaha za raia Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inakutaja wewe na inaitaja silaha yako, kwa hiyo ukishaandikiwa kaliba fulani, kuhamia nyingine ni kuanza upya. Kabla hujampa muuzaji hata shilingi, nenda kwa wanaoshughulikia silaha polisi wilayani kwako, uwaulize mambo mawili: kaliba ninayoitaka ninaweza kuandikiwa? Na nitaruhusiwa kununua na kuweka risasi ngapi kwa mara moja? Swali la pili watu hulisahau, wakati ndilo linalokuonyesha kama mpango wako wa mazoezi unawezekana. Silaha au risasi ya kuletewa mtaani, hata iwe bei ya bure, usiiguse. Ile ni jela, na mara nyingi ina damu ya mtu juu yake.

Ukitoka polisi ndipo uende dukani, na dukani nako kuna namna ya kuuliza. Usiulize, "Risasi za kaliba hii mnazo?" Utajibiwa zipo. Uliza, "Mzigo wa mwisho uliingia lini, na leo yamebaki maboksi mangapi?" Halafu omba uyaone. Waulize na wauzaji wa Dar es Salaam swali hilo hilo kwa simu. Kaliba ambayo kwenye karatasi ni rahisi lakini dukani huja mara moja kwa mwaka, kwako wewe ni ghali.

.22, ndogo inayofundisha

Weka mezani risasi ya .22 Long Rifle kando ya risasi ya 9 mm. Ya .22 ni nyembamba, kipenyo chake hakifiki hata milimita 6, na kichwa chake, cha madini ya risasi yasiyofunikwa, kina uzito wa gramu 2.6 hivi, ambao kwenye boksi huandikwa greni 40. Cha 9 mm kina gramu 7.5 au 8. Sasa zigeuze uangalie vitako. Kitako cha 9 mm kina kiduara katikati, hicho ni fataki, ndicho pini inachokigonga. Kitako cha .22 ni bati tupu, hakina kitu katikati. Fataki yake imetandazwa kwa ndani, ndani ya ule ukingo unaozunguka kitako, na pini inagonga ukingo. Ukiokota ganda lililokwisha kupigwa utaona kishimo pembeni, kidogo kiasi cha kukikwangua kwa ukucha. Na ukiipangusa risasi yenyewe kwa kidole, mara nyingi unabaki na nta na weusi wa madini hayo.

Huo muundo ndio unaoifanya iwe rahisi. Shaba ni kidogo, baruti ni kidogo, na viwanda vimeshaizoea: imetengenezwa tangu mwaka 1887, ilipotolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani. Kwenye masoko mengi bei ya risasi moja ya .22 ni kama theluthi au robo ya bei ya 9 mm ya mazoezi. Fedha inayokununulia boksi moja la 9 mm lenye risasi 50 itakununulia .22 150, pengine 200.

Lakini unafuu wake mkubwa uko mkononi. Ninachokiona kwa mwanafunzi mpya, karibu kila mmoja, ni kuushtukia mlio kabla haujatoka. Anafumba macho, anakaza kiganja, anaisukuma bastola chini, risasi inapiga ardhi mbele ya shabaha. Ukimpa bastola yenye teke kali, yaani inayorudi mkononi kwa kishindo, siku ya kwanza, woga ule unaota mizizi, na kuung'oa kunataka risasi nyingi sana za bei mbaya. Bastola ya .22 yenye uzito wa kilo moja inatikisika tu kidogo. Mtu anaona mwenyewe kinachotokea, anaona kionea cha mbele, kile kinundu cha kulengea, kikiinuka na kurudi, anajifunza kuvuta triga taratibu bila kupigana na silaha. Na asiidharau mtu: kwenye Olimpiki, bastola ya mita 25 ya wanawake na ile ya mpigo wa haraka ya wanaume zote mpaka leo zinapigwa kwa .22.

Ina kasoro, na lazima uzijue kabla ya kulipa. Kwa kuwa fataki yake inatandazwa ukingoni, mara moja moja sehemu iliyogongwa inakuwa haina kitu, nayo inagoma. Ikigoma, acha mtutu ukielekea kwenye kingo ya udongo nyuma ya shabaha, hesabu hadi thelathini taratibu, ndipo utoe risasi ile, kwa sababu kuna zinazochelewa kuwaka. (Mimi huwa nauangalia mtutu wa mwanafunzi sekunde ile ile ya kugoma. Ukiinama, nimejua anauogopa mlio, naye mwenyewe amejiona.) Kasoro ya pili ni kwamba bastola nyingi za .22 hazitaki kufyatuliwa tupu, maana pini inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, na kuuharibu. Soma kitabu chake kwanza. Na kasoro ya tatu: ukienda dukani sema kwa kirefu, ".22 Long Rifle". Ipo .22 Magnum, ndefu na nene zaidi, bei yake iko juu sana, na kwenye bastola ya Long Rifle haipigwi.

Kwa bastola zenyewe, Ruger Mark IV na Browning Buck Mark ni nzito, mtutu wake hauchezi, na ni za kujifunzia kweli kweli. Mwenye nia ya kuja kubeba Glock 19 ya 9 mm aitazame Glock 44. Umbo na mshiko ni ule ule ila inapiga .22, kwa hiyo mkono hautajifunza mara mbili.

Magazini ya .22, kile kisanduku cha risasi, ukiijaza, panga kila risasi ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini yake. Ukizipachika ovyo zinashikana na bastola inakwama, na watu wanasema bastola mbovu.

9 mm, ya mwenye leseni moja

Ninaposema 9 mm nina maana ya 9×19, ambayo kwenye ganda au boksi utaikuta imeandikwa Luger au Parabellum. Aliibuni Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, na imekuwepo tangu mwaka 1902. Majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia, viwanda vya kila bara vinaitengeneza, na wingi huo ndio unaoishusha bei. Kati ya risasi zote za bastola zenye fataki katikati, kwa kawaida hii ndiyo ya bei ya chini. Hata .380 iliyo fupi kuliko yenyewe huuzwa ghali zaidi, kwa sababu haitengenezwi kwa wingi huo.

Kama una nafasi ya silaha moja tu kwenye leseni, na silaha hiyo hiyo ndiyo ya kujilinda, chukua 9 mm. Lakini chukua yenye umbo kamili: mshiko unaoenea vidole vyote, mtutu wa inchi nne na zaidi. CZ 75 ya chuma ina karibu kilo moja, na uzito ule unameza teke. Glock 17 ikiwa tupu ni kama gramu 630, nyepesi zaidi, lakini umbo lake linasaidia. Browning Hi-Power, ya tangu 1935, bado zipo mikononi mwa watu. Ukiikuta nzuri usiikatae kwa sababu ya umri, ila chemchemi zake zikaguliwe na fundi anayeruhusiwa.

Risasi za mazoezi nunua za kawaida, kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, greni 115 au 124. Zile zenye tundu kichwani ni za kazi nyingine na bei yake ni nyingine. Kwa mazoezi utakuwa unatoboa karatasi kwa pesa ya ada ya mtoto.

Ndogo si laini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanapoumizwa watu, hasa wanawake.

Alinijia dada mmoja mnunuzi wa dhahabu na bastola ndogo ya .380, ya kuingia mkobani. Duka lililomuuzia lilimwambia, "Mama, hii ni ya kike, laini." Tulipofika uwanjani, kuivuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, peke yake kulimshinda, akawa ananipa mimi nimvutie. Kwenye magazini ya kwanza slaidi ikamchuna ngozi ya katikati ya kidole gumba na cha shahada, damu ikatoka. Alivumilia, nami nilimwona macho yanavyolengalenga. Nilimfunga plasta, nikampa CZ ya chuma ya 9 mm, nzito, nikaweka risasi mbili tu. Akapiga ya kwanza, akaishusha, akanitazama. "Mwalimu, mbona hii kubwa ndiyo hainipigi?"

Sababu ni hii. Kwenye bastola nyingi ndogo za .380 na .32, slaidi haikufungwa na mtutu wakati wa mlipuko. Kinachoizuia isirudi mapema ni uzito wake na ugumu wa chemchemi. Kwa hiyo mtengenezaji anaweka chemchemi ngumu, ndiyo inayokushinda kuvuta, na slaidi ikirudi inarudi kwa kishindo. Bastola za 9 mm zenye umbo kamili, nyingi zinafuata ubunifu wa John Browning: mtutu na slaidi vinarudi pamoja vikiwa vimeshikana kwa kipande kifupi cha safari, mtutu unainama, vinaachana. Nguvu inakuja kwa kusukuma badala ya kupiga. Jumlisha na uzito wa bastola, nawe utaelewa kwa nini nyepesi ya mkobani inauma kuliko nzito ya kiunoni.

Risasi hizo mbili, .32 ya mwaka 1899 na .380 ya 1908, ni kazi ya Browning huyo huyo, wala si mbaya. Zina kazi zake. Ila kwa mtu anayetafuta bastola ya mazoezi ya bei nafuu, ni ghali kuzilisha na ngumu kuzizoea.

Tena zina majina yanayochanganya, na mchanganyiko huo ni hatari. .380 inaitwa pia 9 mm Kurz, 9 mm Corto, 9 mm Short, 9×17. Kuna na 9×18 Makarov ya Kirusi, ambayo kichwa chake kina kipenyo cha milimita 9.27, kinene kuliko cha Luger. Zote tatu mtu ataziita "tisa" akiwa kaunta. .32 nayo utaikuta imeandikwa 7.65. Usinunue kwa kutamka. Soma kilichochongwa kwenye mtutu au slaidi, soma kilichochongwa kwenye kitako cha ganda, vifanane neno kwa neno, namba kwa namba. Visipofanana, rudisha boksi.

Zilizobaki nazipita haraka. .40 ya mwaka 1990 ina teke kali na bei iko juu ya 9 mm. .45 ni ya zamani na ina heshima zake, kichwa chake greni 230, lakini unalipa karibu mara mbili. Rivolva ya .38 Special ni silaha nzuri kwa mwenye subira, ingawa risasi zake si za bei ya kujifunzia. Na kama marehemu babu aliacha rivolva ya Kiingereza ya zamani, hiyo kwanza ni suala la polisi, huwezi kuirithi kimya kimya. Pili, nyingi kati ya zile za .38 hazitumii .38 Special hata kidogo, ganda lake ni fupi na nene kuliko hilo.

Watu huniuliza pia kuhusu bastola za upepo, zinazopiga vidonge vya milimita 4.5. Kwa gharama hakuna kinachozishinda, na umbali wa mita 10 ni mchezo wa Olimpiki kamili. Ila usidhani kwamba kwa kuwa haina baruti haina sheria. Uliza polisi kama unavyouliza kwa nyingine.

Piga hesabu kwa mwaka mzima

Chukua kalamu. Andika bei ya bastola, halafu ongeza bei ya risasi elfu moja. Elfu moja si nyingi: ni kama risasi 20 kwa wiki, na chini ya hapo sijaona mtu akikaa sawa. Bei zinabadilika kila mzigo, kwa hiyo weka utakazotajiwa wewe. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme 9 mm ni shilingi 2,000 kwa risasi na .22 ni 600. Mwaka wa kwanza 9 mm itakula milioni mbili, .22 laki sita. Tofauti ni milioni moja na laki nne, na mwaka wa pili itakuja tena. Anayekwambia bastola fulani ya kaliba adimu ni nafuu kwa laki tatu, mwonyeshe mstari huu.

Hesabu hiyo hiyo inakupa jibu la nani anunue nini. Unataka kujifunza tu, au kushindana, na .22 zinaingia dukani mara kwa mara: nunua .22. Una leseni ya silaha moja na unaihitaji kwa kujilinda: 9 mm ya umbo kamili, upunguze risasi na uongeze mazoezi makavu, ya bastola tupu, nyumbani. Ukiweza kuruhusiwa mbili, anza na .22, halafu 9 mm inayofanana nayo kwa mshiko, na kila siku ya uwanja maliza na magazini moja ya 9 mm baada ya kupasha mkono kwa .22. Na kama hakuna duka unalolifikia lenye .22 za uhakika, usijisumbue, nenda 9 mm.

Mazoezi makavu ni ya bure, nayo wengi huyapuuza. Risasi zote chumba kingine, magazini nje, chemba uitazame kwa macho na uipapase kwa kidole, mara mbili. Mtutu uelekee kwenye kitu kinachoweza kuzuia risasi, kama gunia la mchanga, usiuelekeze kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Halafu vuta triga bila kionea cha mbele kutikisika. Dakika kumi kila jioni. Kwa 9 mm nyingi za kisasa hakuna madhara, na kwa .22 tumia risasi bandia zinazoruhusiwa na kitabu chake.

Mawe, maji na unyevu

Mwanza ni jiji la mawe, na mawe na risasi haviendani. Risasi ya .22 ikigonga jabali haizami, inaruka pembeni na huwezi kujua itakwenda wapi. Nimewasikia watu wakisema watajifunzia nyuma ya kilima fulani, kwenye mawe, kwa kuwa hakuna nyumba karibu. Hapana. Kwenye maboksi mengi ya .22 huwa kuna onyo kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, na hiyo ni zaidi ya kilomita mbili. Ukitoka Kirumba ukahesabu kilomita mbili upande wowote, utahesabu shule, soko na watu wangapi?

Ziwa nalo ni vile vile. Maji yanaonekana laini, lakini risasi ikiyapiga kwa mlalo inateleza juu na kuendelea mbele, na kule mbele kuna mitumbwi. Usiku wa giza utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa, na kila taa ina watu chini yake. Hakuna kaliba iliyo ndogo kiasi cha kupigwa kuelekea ziwani. Piga kwenye uwanja ulioruhusiwa, wenye kingo ya udongo au mchanga uliochekechwa mawe, mwenye mamlaka akiwepo. Vaa kinga ya masikio na miwani hata kwa .22. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula, maana madini ya risasi ni sumu na yanabaki vidoleni. Nguo zile usimpakatie mtoto.

Tunaokaa karibu na ziwa tuna na adui mwingine, unyevu. Kichwa cha .22 kimeshikwa na ganda kwa wepesi tu, ukikipinda kwa kidole unaweza kukilegeza, na unyevu au mafuta yakipenya pale baruti na fataki vinaharibika. Zihifadhi kwenye boksi la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya sefu. Usizipake mafuta. Usiziache kwenye gari, ambalo mchana ni tanuri na alfajiri lina umande. Bastola yenyewe ipake mafuta kidogo, uipanguse kwa kitambaa, na risasi ziishi mbali na kitambaa hicho.

Boksi la kwanza

Usinunue maboksi kumi siku ya kwanza. Bastola za .22 hasa zina chaguo lake: moja itapiga za kiwanda hiki bila kukwama, nyingine itazikataa. Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu, zenye mwendo wa juu na greni 40, maana zile za mwendo mdogo mara nyingi hazina nguvu ya kurudisha slaidi. Piga boksi zima la aina moja, upumzike, ndipo uje kwenye jingine. Kwenye daftari andika jina la kiwanda, namba ya toleo iliyogongwa kwenye boksi, ngapi ziligoma, ngapi zilikwama, na mashimo kwenye karatasi kwa mita saba yamekusanyika kiasi gani.

Mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, kama pumzi tu, simama. Usipige inayofuata. Toa magazini, fungua chemba, mwite msimamizi auangalie mtutu kutokea nyuma, kwa sababu huenda kichwa kimebaki ndani, na risasi ya pili ikikikuta mtutu unaweza kupasuka. Risasi iliyogoma isiyowaka usiitupe jalalani wala usimwachie mtoto aichezee. Ipeleke kwa msimamizi wa uwanja au polisi.

Aina iliyopita boksi zima bila kukusumbua, rudi dukani uichukue yenye namba ile ile ya toleo, kwa idadi unayoruhusiwa. Risiti ibandike kwenye daftari hilo hilo karibu na hesabu ya risasi zilizobaki, ili siku polisi wakitaka kukagua, silaha, leseni na idadi vyote viwe mezani kwa pamoja.